Mizinga Myekundu ya Emilian

Aliyemuua Emilian Sungi alimjengea boma kwanza, ndipo akaondoka.

Inspekta Luciana Ntandu wa Itigi aliinama, akapita chini ya matawi, akasimama akitazama. Maiti ilikuwa chali chini ya mti mkubwa wa mtundu, macho yamefumbwa, mikono imekusanywa kifuani. Kofia yenye wavu, ile wanayovaa warina asali, ilikuwa imevuliwa na kuwekwa pembeni taratibu. Kuzunguka maiti yote, matawi ya mgunga yalikuwa yamepangwa duara, miiba ikitazama nje, vile mfugaji anavyowazungushia ndama wake. Nyayo za fisi zilionekana wazi mchangani. Fisi alikuja, akazunguka, akakosa mlango, akaenda zake.

"Nimeona mengi, afande," alisema Sajini Mathayo. "Lakini muuaji anayemlinda marehemu na fisi, huyu ni wa kwanza."

"Usianze kumpenda," Luciana alimjibu. "Tafuta kamba."

Kamba ilikuwa karibu na miguu ya marehemu, imejikunja ovyo. Mrina asali wa kule hupitisha kamba juu ya tawi imara, ncha moja akaifunga kwenye shina la mti, nyingine akaishika na kupandia. Mathayo aliliona fundo bado limekaza kwenye shina, usawa wa kifua. Juu kidogo ya fundo kamba ilikuwa imekatwa kwa pigo moja la panga.

"Basi mtu alisimama hapa," alisema Luciana, "Emilian akiwa juu, akakata."

"Mauaji hayo, afande. Hayana jina lingine."

"Na hii je?"

Alionyesha ndoo iliyosimama kivulini. Mathayo akafunua kifuniko. Ilijaa masega ya asali hadi juu, na mtu alikuwa ameweka jiwe juu ya kifuniko ili wadudu wasiingie. Luciana akainua uso. Juu kabisa, katikati ya majani, mzinga wa mbao ulining'inia kwenye waya. Ulipakwa rangi nyekundu iliyokoza, ikimetameta kwa jua la asubuhi.

Aliyeikuta maiti alikuwa Mama Theodora, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki cha kijiji cha Itumbilo. Alikuwa amekaa kwenye gogo, ameshika tama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ona jinsi walivyotufanyia."

"Mzinga huu ni wa nani?"

Mama Theodora alimtazama kana kwamba ameulizwa jua linatokea wapi. "Si unaona mwekundu? Wa Emilian."

Kisha akaeleza, maana mtu mwenye uchungu ukimpa nafasi huzungumza. Zamani mizinga ilikuwa ya magogo, na kila mtu alichonga alama yake kwa panga. Ilipokuja mizinga ya mbao, bwana nyuki wa serikali alikataza kuchonga, eti mbao zitapasuka. Akasema kila mtu achague rangi.

"Emilian akachagua nyekundu. Bwana nyuki akamcheka. Akasema nyuki haoni nyekundu, kwake yeye ni nyeusi tu. Emilian akamjibu, 'Sikupaka kwa ajili ya nyuki, nimepaka kwa ajili ya watu.'" Mama Theodora alitabasamu, halafu akakumbuka yuko wapi, machozi yakamtoka. "Mwaka huu tukahamishia mizinga huku, kule kwa zamani maua yalikauka. Tukakodi vijana watundike. Tukagawana kwa njia hii unayoiona. Kulia Emilian, kushoto Laurenti, sisi wengine kule mbele. Vijana wakachanganya mambo, mizinga mitatu ya Emilian wakaitundika huku kushoto."

"Hakuna aliyelalamika?"

"Alalamike nini? Emilian alisema acheni hivyo hivyo, rangi inajieleza. Yake nyekundu, ya Laurenti kijani. Hata mtoto anaona."

"Laurenti naye alisemaje?"

"Siku ile alikuwa kitandani na homa. Alipopona tukamwambia upande wako ni kushoto, nenda kaangalie mizinga yako."

"Walikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi!" Mama Theodora karibu akasirike. "Walitahiriwa msimu mmoja, wakaoa mwaka mmoja. Tena wote wawili waliibiwa asali msimu huu. Walikuwa wakilia pamoja, wakipanga jinsi ya kumkamata mwizi. Mtafuteni huyo mwizi. Ndiye aliyemuua."

Mwizi kijiji kilishampata. Luciana alipofika ofisi ya mtendaji alimkuta Fredrick amefungwa mikono kwa kamba ya katani, jicho moja limevimba, na watu wamemzunguka wakihema kwa hasira. Kila mtu alijua Fredrick alishawahi kuiba asali. Yeye mwenyewe alijua kwamba wanajua.

Luciana aliwapenya, akamfungua, akamwingiza kwenye gari.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Nyumbani, afande. Peke yangu. Najua haisaidii." Fredrick alijifuta damu ya mdomo. "Lakini nikuulize kitu. Mimi ni mwizi, sikatai. Mwizi gani anaua mtu kwa ajili ya asali, halafu anaiacha asali?"

Mathayo alitaka kucheka, akajizuia.

"Utakaa kituoni kwetu kwa sasa," alisema Luciana. "Si kwa kosa lako. Kwa usalama wako."

"Asante, afande. Kwenu kuna chakula?"

Alitania, lakini aliinama chini ya dirisha la gari asionekane. Luciana aliyaona macho ya watu waliobaki nje ya gari, akajua kwamba asipompata mkosaji wa kweli, Fredrick hatarudi Itumbilo akiwa mzima.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalikuwa mafupi. Shingo ilivunjika kwa kuanguka. Jeraha la nyuma ya kichwa lilivuja damu nyingi. Hakukuwa na alama ya kupigwa wala ya kupigana.

Luciana alikwenda kwa mjane, Magreth, akamkuta amekaa mkekani na wanawake wenzake. Alisubiri mpaka walipowapisha kidogo.

"Mama, huku kwenu mtu akimkuta mwizi wa asali juu ya mti, anafanyaje?"

"Anamkatia kamba," alisema Magreth kwa sauti iliyokauka. "Ndivyo wanavyofanya tangu babu zetu. Mwizi anabaki huko juu, anashikilia tawi, nyuki wakimla. Wewe unakimbia kuita watu. Hakuna anayekufa. Anashushwa, anaaibika, anatozwa mbuzi."

"Na kama kamba imebeba uzito wake wakati inakatwa?"

Magreth alijifunika uso kwa khanga.

Nje, Mathayo alikuwa akikuna kichwa. "Basi aliyekata alidhani Emilian ni mwizi. Ila mbona haiingii akilini, afande? Mtu awe mwizi juu ya mzinga wake mwenyewe? Mzinga mwekundu ambao kijiji kizima kinaujua?"

"Pengine giza."

"Kwa maelezo ya mjane, aliondoka jua bado liko juu. Asali ile aliirina kukiwa na mwanga."

Hapo kesi ikakwama, ikakaa kama gari lililozama mchangani. Kila walipoisukuma, ilizidi kuzama.

Ilikwamuka makaburini. Luciana alikuwa amesimama nyuma, upande wa wanaume waliochimba kaburi. Aliyechimba kuliko wote alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mvi za mapema. Wenzake walimwomba apokelewe jembe, akakataa. Alivaa koti kuukuu la kijani.

"Ndiye Laurenti," Mathayo alinong'ona.

Laurenti alipoinua mkono kujifuta jasho, Luciana aliona doa. Lilianza kwenye kiwiko cha koti likashuka hadi karibu na kifundo cha mkono, la rangi ya kutu, limekauka. Alikuwa ameyaona madoa ya namna hiyo maisha yake yote ya kazi. Na Laurenti hakuwa miongoni mwa waliobeba maiti, hilo alishalihakikisha.

Alimsubiri watu walipoanza kutawanyika.

"Pole sana, Bwana Laurenti."

"Tumeshapoa, afande. Ni kazi ya Mungu."

"Kwenye koti hapa kuna nini?"

"Wapi?" Laurenti aligeuza mkono, akalitazama doa lenyewe, akalitazama vizuri. "Sioni kitu. Labda udongo."

Luciana alikuwa amekutana na waongo wa kila aina. Waongo wa kulia, waongo wa kuapa, waongo wanaokasirika kabla hawajaulizwa. Wote ukiwaonyesha damu hutazama pembeni. Huyu aliitazama damu moja kwa moja, akasema haipo.

"Naomba nikae nalo koti hili siku chache."

"Chukua, afande. Kama litasaidia kumpata aliyemfanyia rafiki yangu." Akalivua koti, akamkabidhi, akabaki na fulana.

Mathayo alipandisha nyusi mpaka karibu na nywele. "Ama ni mjeuri kupita wote, afande, ama ana wazimu."

"Au ana kitu cha tatu tusichokijua," alisema Luciana.

Maabara ilithibitisha kwamba ile ilikuwa damu ya binadamu, tena ya Emilian. Mathayo alishaziandaa pingu. Luciana akamwambia azirudishe mfukoni. Kumkamata Laurenti ilikuwa rahisi. Kumwelewa ndiko kulikomsumbua, na yeye hakupenda kupeleka mahakamani mtu ambaye hajamwelewa. Akamchukua hadi porini, kwenye ule mti wa mtundu. Jua lilikuwa la utosi na anga halikuwa na wingu.

"Nionyeshe mizinga, Bwana Laurenti. Huu uliokuwa ukirinwa na Emilian, ni wa nani?"

Kila mtu mwingine aliyeulizwa swali lile alijibu kabla halijaisha. Laurenti alitazama chini kwanza, akatazama boma la miiba lililobaki.

"Wa Emilian," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayegawa kitu chake.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Andika hivyo. Ni wa Emilian."

Wakatembea kidogo. Kwenye mti wa pili ulining'inia mzinga wa kijani.

"Na huu?"

"Wangu."

Mti wa tatu. Mzinga mwekundu, mwekundu wa kuumiza macho.

"Na huu?"

"Wangu," alisema Laurenti bila kusita wala kupepesa macho.

Mathayo alifungua mdomo. Luciana alimkanyaga mguu.

"Asante, Bwana Laurenti," alisema. "Twende Itigi."

Njiani walisimama sokoni, Luciana akanunua nyanya. Mama muuzaji alishangaa kuona inspekta anachagua nyanya kwa bidii namna ile, mbivu kadhaa na mbichi kadhaa, zote za ukubwa mmoja. Kituoni alizimwaga juu ya meza mbele ya Laurenti.

"Nichagulie zilizoiva."

Laurenti alishangaa, lakini ni mtu wa heshima. Akanyoosha mkono, akaishika ya kwanza, akaiminya kidogo kwa dole gumba.

"Hapana. Bila kugusa."

Mkono ulibaki hewani.

"Bila kugusa, afande?" Alimtazama Luciana, akamtazama Mathayo, akitafuta nani anamtania. "Nyanya zinachaguliwaje bila kugusa?"

Mathayo, aliyekuwa ameegemea mlango, alisimama wima.

Daktari wa macho, Amne, alikuja na kijitabu chake cha madoa ya rangi. Luciana aliona nambari katika kila ukurasa. Laurenti aliona madoa tu, isipokuwa kwenye ukurasa wa kwanza ambao kila mtu huuona. Alijitahidi hadi jasho likamtoka, kama mwanafunzi anayeogopa kufeli. Amne alimshukuru, akatoka nje na Luciana.

"Nyuma ya jicho kuna chembe za aina tatu zinazopokea rangi," alisema. "Kwake aina moja haifanyi kazi. Bluu anaiona, njano anaiona. Nyekundu na kijani zilizokoza kwake ni kitu kimoja, rangi ya majani makavu. Amezaliwa hivyo, amerithi kwa mama yake."

"Na umri wote huu hajui?"

"Angejuaje? Alipokuwa mdogo walimwambia majani ni ya kijani, akaitikia. Wakamwambia damu ni nyekundu, akaitikia. Hakuna aliyewahi kuingia ndani ya jicho lake akachungulia."

Luciana alibaki barazani peke yake kwa muda. Sasa alielewa kila kitu, akatamani asingeelewa. Mle ndani alikaa mtu aliyekwisha kupoteza rafiki, na yeye ndiye angeingia kumwambia kilichobaki.

Alirudi, akakaa, akaliweka lile koti mezani.

"Bwana Laurenti, hulazimiki kusema lolote. Ukisema, nitaandika, na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Damu ya Emilian iko kwenye koti lako. Hapa."

Laurenti alipapasa pale alipoonyeshwa. Vidole vikakutana na ugumu wa damu iliyokauka, vikasimama.

"Nilimwinua kichwa," alisema.

"Anza mwanzo."

"Nilikwenda kuangalia mizinga yangu. Nikasikia harufu ya moshi. Nikaona mtu juu ya mti, amevaa kofia ya wavu, anarina. Upande wangu, afande. Mzinga wangu. Miezi yote hiyo tumeibiwa, mimi na Emilian, na Emilian mwenyewe ndiye aliyesema, siku tukimkuta tumkatie kamba. Nikajisemea, leo nimempata. Nikimpata nitamwita Emilian aje aone."

"Ulimtambua?"

"Kwa wavu ule? Na moshi, na nyuki wanavyovuma? Sikumtambua. Alinisikia, akatazama chini. Na mimi nilikuwa na kofia yangu ya wavu. Akapiga kelele, 'Mwizi! Mwizi wewe!' Afande, damu ilinipanda. Mwizi yuko juu ya mti wangu, halafu ananiita mimi mwizi? Nikainua panga. Sikujua kwamba ameshaitoa miguu kwenye tawi, amening'inia kwenye kamba. Alikuwa ameanza kushuka anifuate."

Mathayo aliacha kuandika.

"Nilipomvua kofia," Laurenti aliendelea, "nikaona ni yeye."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Ningewaambia nini?" Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. "Kwamba Emilian ndiye alikuwa mwizi? Kwamba alikuwa akiniibia huku akikaa kwangu na kunipa pole? Magreth azike mwizi? Watoto wake waitwe watoto wa mwizi? Nilikaa naye pale, afande. Nikamuuliza, ulikuwa na shida gani usiniambie? Ningekupa. Nikamfumba macho. Nikakata miiba nikamzungushia. Nikaifunika na ile asali, maana nilisema, kama aliihitaji kiasi hicho, basi iende kwake."

"Na kule porini ukaniambia mzinga ule ni wake."

"Nilikudanganya. Nisamehe. Mzinga ule ni wangu. Nifungeni, nimeua. Lakini nakuomba kitu kimoja, usiandike kwamba alikuwa anaiba. Andika nilimuua kwa ugomvi. Andika lolote."

Luciana aliweka kalamu chini. Miaka yote alikuwa amewasikia watu wakidanganya ili wajiokoe wenyewe. Huyu alidanganya ili amwokoe marehemu, na uongo wake ulikuwa ukweli mtupu.

Alichukua nyanya mbili, moja mbivu na moja mbichi, akaziweka mbele yake.

"Zina tofauti gani, ukizitazama tu?"

"Hazina."

"Kwako hazina. Kwangu mimi, kwa Mathayo, kwa Mama Theodora, zinatofautiana kama moto na majani. Macho yako yamezaliwa hayaitambui nyekundu, Laurenti. Si kosa lako. Hukuambiwa, kwa sababu hakuna aliyejua. Vijana walipotundika mizinga walichanganya, wakaweka mizinga mitatu ya Emilian upande wako. Wote waliiona. Wakaiacha, kwa kuwa ni myekundu na kila mtu anaona."

Laurenti alizitazama zile nyanya. Alizitazama muda mrefu, akazishika, moja mkono huu na moja mkono huu, akaziminya. Hapo ndipo alipojua ipi ni ipi.

"Mzinga ule," alisema taratibu.

"Ulikuwa wa Emilian."

"Na ule niliorina mimi mwanzo wa msimu, kule karibu na kijito?"

"Ulikuwa wake pia."

"Na ule nilioukuta mtupu, nikaenda kwake nikilia nimeibiwa?"

"Alikuwa amerina asali yake mwenyewe."

Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipita, na wote watatu walingoja kelele zake ziishe.

"Aliniita mwizi," alisema Laurenti.

"Ndiyo."

"Nilimkasirikia kwa sababu nilijua anasema uongo."

Kisha akainamisha kichwa mezani, kati ya zile nyanya, akalia kwa sauti, na Mathayo akatoka nje akijidai anakohoa. Luciana alibaki. Baada ya muda alinyoosha mkono akamshika bega, jambo ambalo halimo katika mafunzo ya polisi.

"Sikiliza," alimwambia. "Hakuna mtu Itumbilo aliyewahi kumdhania Emilian mwizi. Hata mmoja. Ulikuwa wewe peke yako. Jina lake liko salama."

Fredrick aliachiwa siku hiyo hiyo. Mathayo alimsindikiza mpaka kijijini na kuwatangazia watu kwamba safari hii hakuiba, na Fredrick akamwomba alirudie lile tangazo kwa sauti kubwa zaidi.

Kumweleza Magreth alikwenda Luciana mwenyewe. Magreth alisikiliza bila kukatiza, mikono mapajani.

"Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu," alisema mwishoni. "Nilikuwa na hamu kabisa. Sasa nimchukie nani?"

Luciana alisogea, akakaa karibu naye.

"Alimdhania mwizi," Magreth alisema tena, "na bado akamkatia miiba?"

"Na bado akamkatia miiba."

Magreth alitikisa kichwa, akaingia ndani.

Laurenti alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akakiri. Amne alieleza habari za macho mbele ya hakimu, na Luciana akaeleza habari za boma. Kisha mjane akasimama bila kuitwa, akaomba aseme neno, akasema Emilian angekuwa hai angetaka rafiki yake arudi nyumbani. Laurenti alipewa kifungo cha nje.

Msimu wa asali ulipofika tena, Luciana alikwenda Itumbilo kurudisha vielelezo. Ndoo ya Emilian sasa ilikuwa ya Magreth, na kazi ya serikali lazima imalizike. Nyumbani hakumkuta mtu. Akaelekezwa porini.

Mizinga yote ilikuwa na alama mpya. Mama Theodora alikuwa amechomesha kila ubao kwa chuma cha moto, na mbao hazikupasuka, bwana nyuki apende asipende. Lakini alama zilikuwa juu, na macho ya mtu aliye chini hayazifikii. Luciana alisikia sauti kabla hajawaona.

"Na huu?" aliuliza mwanamume.

"Huo wa Emilian."

"Na ule wa pale?"

"Ule wako. Anza na wa Emilian kwanza, watoto wanasubiri asali ya baba yao."

Luciana alisimama nyuma ya kichaka, ndoo mkononi, asipige hatua nyingine. Laurenti alikuwa chini ya mzinga mwekundu, amevaa kofia ya wavu, ameshika kamba na hapandi. Alikuwa akiitazama ile ncha iliyofungwa kwenye shina.

Magreth aliliona hilo. Alizunguka mti, akalikaza fundo, kisha akaishika kamba juu ya fundo kwa mikono yote miwili na kuizungusha kiunoni mwake.

"Panda," alisema. "Nimekushikia."